Kabla hujanunua kifaranga hata kimoja, nunua daftari

Nitasema kitu na najua kuna watu watakasirika. Miradi mingi ya huku kwetu haifi kwa kukosa pesa. Inakufa kwa sababu hakuna aliyeuliza swali kabla pesa haijaingia. Na pesa ikishaingia, swali lolote linaonekana fitina. Uliza tu, "Haya mayai tutamuuzia nani?" utaambiwa una roho mbaya, hutaki watu waendelee.

Leo naongea kuhusu usimamizi wa miradi na mbinu za utafiti. Usitoroke. Najua hayo maneno yananuka darasa na mtihani. Lakini kama uko kwa chama, kwa kikundi cha vijana, kwa kamati ya maji ama ya shule, wewe tayari unasimamia mradi. Swali ni kama unausimamia ama unabahatisha.

Mimi nina kompyuta, kwa hivyo watu wa hapa Ndanai huniletea proposali niwachapie. Nimesoma nyingi mpaka nikaona kitu: karibu zote ni moja. Ni ya kuku. Ilitoka saiba fulani, ikabadilishwa jina la kikundi na nambari ya mwenyekiti, ikaendelea na safari. Kuna jamaa alileta yake, kufika ukurasa wa tatu bado inasema soko letu ni wakaazi wa Kitengela. Kitengela, jamani! Yai likitoka hapa kwa boda mpaka Kitengela litafika likiwa jogoo.

Tunacheka, lakini hebu ona kilicho mezani. Kikundi cha senge wangu kina akina mama 18. Wameweka akiba kidogo kidogo kila wiki kwa miaka 3. Ni pesa ya maziwa, ya mahindi, na ya kibarua cha kuchuma majani chai upande wa juu. Sasa wanataka kuitia yote kwa kuku 200 wa mayai, na juu yake waongeze mkopo ambao kila mmoja atakuwa mdhamini wa mwenzake. Hiyo pesa ikipotea imeenda na karo, na imeacha mama 18 ambao hawatasalimiana tena sokoni.

Nilipomwambia senge tufanye utafiti kwanza, alicheka. "Wewe uliacha chuo katikati. Utafiti ni wa wale walimaliza." Kweli niliacha chuo, hiyo haina siri. Lakini kwa hilo la pili, senge, kwa heshima zote, nakataa.

Utafiti si cheti. Utafiti ni kuuliza swali kwa njia ambayo jibu linaweza kukukatalia. Basi. Kama umepanga maswali yako hivi kwamba kila jibu litasema "endelea", hujafanya utafiti, umetafuta makofi.

Na hili halikuletwa na chuo. Wazee wetu Wakipsigis walikuwa na kokwet. Kukiwa na neno, majirani wanakaa chini, boiyot anasikiliza huyu, anasikiliza yule, shahidi anaulizwa, na uamuzi hautoki mpaka neno limezungushwa pande zote. Huo ni ukusanyaji wa ushahidi. Ila uliza pia ni nani hakuwa ameketi pale. Akina mama mara nyingi hawakuwa, vijana pia walisubiri nje. Shida hiyo tunayo hadi leo. Ukiitisha maoni kwa baraza saa nne asubuhi, utapata wanaume ambao wana nafasi saa nne asubuhi. Aliye shambani hayupo. Aliyepeleka maziwa hayupo. Halafu tunaandika kwa ripoti kwamba "jamii imekubali". Jamii gani? Wataalamu wanaita hiyo sampuli iliyoegemea upande mmoja. Mimi naita kuuliza mwenye kiatu kama njia ina miiba.

Sasa usidhani ni sisi watu wa chini tu huingia kwa mradi macho yamefungwa. Serikali ya Uingereza yenyewe ilifanya hivyo hapa Afrika Mashariki, na bado watu wanaisimulia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946, Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, akaleta wazo: tulime karanga Tanganyika kwa matrekta. Timu iliyoongozwa na John Wakefield ikatumwa kuangalia. Walikaa Tanganyika kama wiki 9 na sehemu nyingi walizitazama kutoka ndegeni. Wakarudi na mpango wa ekari 3,210,000. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya Kaunti nzima ya Bomet. Bajeti ilikuwa takriban pauni milioni 25. Mtu akipendekeza tuanze na shamba dogo la majaribio, jibu lilikuwa hakuna wakati, watu wa Uingereza wanataka mafuta sasa.

Wakaanzia Kongwa, kwa Wagogo. Kumbuka Ugogo ni nchi ambayo ilikuwa imeshapitia njaa kali ya 1918 mpaka 1920, ile wenyewe waliita Mtunya. Mzee yeyote wa pale angeweza kukuambia mvua yao ina tabia gani. Lakini rekodi za mvua walizokuwa nazo wapangaji zilikuwa chache, na udongo hawakuupima vya kutosha. Kumbe ni udongo wenye mfinyanzi, ukikaushwa na jua unakuwa kama simenti. Karanga, kama unavyojua, inazaa chini. Ukienda kuvuna, ardhi imefunga. Mwaka wa kwanza walilenga ekari 150,000. Walizopanda zilikuwa kama 7,500. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikawa zimeenda.

Angalia vizuri hapo. Pesa ilikuwepo. Matrekta yalikuwepo. Wahandisi walikuwepo, tena wengine wametoka jeshini, watu wa kupanga na kutii ratiba. Walichokosa ni msimu mmoja wa kupanda shamba dogo na kuandika kilichotokea. Na haraka ndiyo ilitumika kama sababu. Hivyo ukisikia mtu kwa mkutano akisema "tusipoteze wakati na maswali, fomu zinafungwa mwisho wa mwezi", jua hiyo hotuba ilishatolewa kabla babu yako hajaoa.

Upande wa pili, kuna mfano mzuri, na uko hapa Kenya, Busia.

Miaka ya tisini, watafiti walitaka kujua ni nini kinasaidia watoto shuleni. Kila mtu alikuwa na jibu: vitabu! Watoto hawana vitabu, wapewe vitabu, watapita. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini badala ya kugawa tu na kupiga picha, walichukua shule 100, zikachaguliwa 25 kwa bahati nasibu kupewa vitabu kwanza, halafu wakalinganisha na zile ambazo hazijapewa. Matokeo? Kwa wastani, alama hazikupanda. Waliosaidika ni wale watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu moja ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi pale Kiingereza ni lugha ya tatu. Umempa mtoto kitabu ambacho hawezi kukisoma.

Baadaye Edward Miguel na Michael Kremer wakafuatilia shule 75 huko huko Busia, safari hii kwa dawa za minyoo. Shule ziligawanywa makundi matatu, kundi la kwanza likaanza kupata dawa 1998, mengine yakafuata miaka iliyofuata. Wakapata kwamba utoro ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walifaidi, kwa sababu minyoo ilipungua kwa wenzao. Utafiti ulichapishwa 2004. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ikaanza mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni. Kremer naye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Na hadithi haikuisha hapo. Mwaka 2015 watafiti wengine walichukua data ile ile, wakarudia hesabu, wakapata makosa fulani, na mabishano makubwa yakatokea kuhusu matokeo yana nguvu kiasi gani. Kuna watu wanaona hiyo ni aibu. Mimi naona ndiyo raha yenyewe. Waliandika kila kitu, ndiyo maana mtu mwingine aliweza kuwakagua. Sasa niambie, kikundi chenu kikikaguliwa leo, kuna daftari la kukagua?

Tukirudi nyumbani kwa majani chai, kuna funzo lingine. Kituo cha utafiti wa chai Kericho kilifanya kazi miaka mingi mpaka 2011 kikatoa chai ya zambarau, ile TRFK 306. Kama mmea, ni kazi safi. Lakini wapo wakulima walioipanda wakitarajia bei ya juu, halafu wakalalamika kwamba wanaiuza kwa bei ya majani ya kawaida kwa sababu viwanda vya kuisindika kivyake ni vichache na wanunuzi hawajajipanga. Swali la "mmea utamea?" lilijibiwa vizuri. Swali la "nani atanunua, kiwanda gani kitapokea?" ni swali tofauti, na linataka utafiti wake. Kujibu moja hakujibu lingine.

Sawa. Sasa turudi kwa kuku wa senge. Tufanye hesabu pamoja, hapa hapa, bila digrii.

Kuku mmoja wa mayai aliyekomaa anakula kama gramu 125 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 25 kwa siku. Gunia la kilo 70 halimalizi siku tatu. Kwa mwezi ni magunia karibu 11. Piga hiyo mara bei ya duka lako la chakula cha mifugo uone. Halafu kumbuka kifaranga hakitagi kesho. Anaanza akiwa na kama wiki 18 mpaka 20. Yaani zaidi ya miezi minne unalisha, unachanja, unawasha joto wakiwa wadogo, na hakuna yai hata moja. Mkopo nao hausubiri yai. Ile proposali ya Kitengela inaonyesha faida kuanzia mwezi wa pili. Sijui hao kuku walikuwa wa aina gani.

Tuseme mmevuka hapo. Wakitaga vizuri, kuku 200 wanatoa kama mayai 160 kwa siku. Kwa wiki ni mayai 1,120, yaani trei 37. Sasa swali la utafiti limejileta lenyewe: Ndanai na vituo vya karibu vinaweza kumeza trei 37 zaidi kila wiki?

Hapa ndipo watu huharibu. Wanaenda dukani wanauliza, "Tukileta mayai ya hapa, utanunua?" Kila mtu atasema ndiyo. Ni jirani yako, anataka uende na furaha. Jibu hilo halina kazi. Uliza kilichokwisha kutokea: "Wiki iliyopita uliuza trei ngapi? Ulinunua kwa nani? Bei gani? Ulilipa taslimu ama kwa deni? Ni lini mara ya mwisho ulikosa mayai?" Hayo ni maswali ambayo mtu hawezi kukujibu kwa adabu tu. Nenda maduka yote, na vibanda vya chai, na shule zinazopika, si yale maduka mawili ya rafiki zako. Rudi siku ya soko na siku isiyo ya soko, kwa sababu Ndanai ya siku ya soko na Ndanai ya siku ya kawaida ni vituo viwili tofauti. Andika kwa daftari. Wiki moja inatosha, watu wanne, kalamu nne.

Na kabla hamjatoka nyumbani, andikeni ukurasa wa kwanza: "Tukipata chini ya trei 20 ambazo zinakosa mtu wa kuzileta, hatununui kuku 200." Namba hiyo muiweke kabla ya kwenda, mkiwa na akili baridi. Mkingoja matokeo ndiyo muamue kipimo, mtajikuta mnakishusha mpaka kiwafae. Binadamu ni hivyo, hata wenye digrii.

Huo ni utafiti. Usimamizi wa mradi unaanzia hapo, nao hauna uchawi. Kuna vitu vitatu vimefungwa kamba moja: kazi, muda na pesa. Ukivuta kimoja, vingine vinasonga. Mkitoka kuku 100 mkaenda 200 bila kuongeza pesa wala watu, mmeshavunja mpango na hamjajua. Halafu kila kazi iwe na mwenyewe mmoja. Si "tutasaidiana". Kazi ya "tutasaidiana" huku kwetu ni kazi ya mama mmoja anayeamka saa kumi na moja, wengine wakija kugawana. Andika nani analisha, nani anaweka rekodi, nani anashika pesa, na huyo anayeshika pesa asiwe ndiye anaweka rekodi. Andika kinachoweza kuharibika: ugonjwa wa Newcastle, bei ya chakula kupanda, mwizi. Kila kimoja kiwe na jibu lake na bei yake. Na mwisho kabisa, andika tarehe ya kuketi na kusema ukweli: mwezi wa sita tukiwa hatujafika hapa, tunapunguza ama tunafunga. Kufunga mradi mapema ukiwa na nusu ya akiba si laana. Laana ni kuungoja ufe wenyewe.

Najua mtu atasema, "Wewe unaongea na akina mama wenye kuku, na miradi mikubwa ya serikali je?" Hiyo ni kweli, na ni hasira yangu pia. Tangi lisilo na maji lenye kibao cha ufunguzi, kila mtu hapa anaweza kukuonyesha moja. Lakini maswali ni yale yale, tofauti ni saa ya kuyauliza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti ufikishwe kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukija kupiga kelele mwezi wa sita, umekuja kwa harusi wakati watu wanaosha sufuria. Nenda wakati mpango unaandikwa, na usiende na "tunaomba maji". Nenda na karatasi: nyumba ngapi, zinachota wapi, mtu anatembea dakika ngapi, nani atalipa stima ya pampu na fundi baada ya ufunguzi. Na kama mradi umeshajengwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua kuomba rekodi, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Mwakilishi wadi anaweza kupuuza mtu anayelia. Mtu mwenye hesabu ni ngumu kumpuuza, hasa akiwa na wenzake 17.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: maskini hana muda wa utafiti, tajiri ndiye ana nafasi ya kujaribu. Mimi naona ni kinyume. Uingereza ilipoteza pauni milioni 36 na ikaendelea kuwa Uingereza. Kampuni kubwa ikianguka kwa mradi mmoja, ina mingine. Kikundi cha akina mama 18 kina akiba moja tu, ya miaka 3, na hakina ya pili. Wenye pesa kidogo ndio hasa hawawezi kumudu kubahatisha. Ni sisi tunaopaswa kuwa watafiti wakali kuliko wote, na ni sisi tumeambiwa utafiti ni wa wengine.

Kwa hivyo kama una proposali mkononi wiki hii, iweke chini kidogo. Nunua daftari dukani. Andika ukurasa wa kwanza kitu ambacho kikiwa kweli, mtaacha. Kisha mtoke mkaulize, wanne wanne, siku ya soko na siku isiyo ya soko. Mkirudi na jibu zuri, nileteeni niwachapie bure, na kila namba ndani itakuwa ya Ndanai. Mkirudi na jibu baya, akiba yenu bado iko, na hiyo ni faida ambayo hakuna proposali iliwahi kuiandika.